Kuvezi nyumbani: mayai 48 ya kikundi chetu

Juma hili ukurasa wa ufugaji ni wa kuvezi, ile mashine ndogo inayototoa mayai pasipo kuku kuyalalia. Vikundi vingi vimetuuliza kama inafaa kutoa pesa ya likelemba kwa ajili ya kitu hicho. Wengine wamekwisha kuinunua, nayo inakaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa, kwa sababu hakuna anayethubutu kutia mayai ndani. Sisi hapa Bukavu tumemaliza mara yetu ya kwanza: tuliweka mayai 48, tukapata vifaranga 24. Tutawaeleza namna ilivyokwenda, pamoja na ugomvi uliotokea katikati, maana huo nao ni sehemu ya kazi.

Kwanza tuseme wazi kuvezi inasaidia nini. Kuku wetu wa kienyeji analalia mayai 10 au 12 kwa siku 21, kisha anatembea na watoto wake miezi miwili au zaidi, na muda huo wote hatagi. Ukimwondolea mayai kabla hajaanza kulalia, anarudi kutaga mapema. Faida ya kuvezi iko hapo: mtetea anabaki na kazi ya kutaga, na joto linatoka kwingine. Lakini mashine haina mabawa. Kifaranga akitoka, hana mama wa kumfunika usiku wala wa kumfokea mwewe, na joto lote la majuma ya kwanza ni wewe utalilipa, kwa umeme au kwa makala. Kwa hiyo mama mwenye kuku wawili tu asiharibu pesa yake. Amwache kuku alalie, amtengenezee kiota kizuri mahali penye giza, panya wasipofika. Kuvezi inafaa kwa kikundi chenye wamama kumi au zaidi, kila mmoja na kuku wake uani.

Sasa mayai. Kuna mama alituuliza kama anaweza kununua trei sokoni Kadutu akaiweka yote katika mashine. Hapana. Mayai mengi ya trei, yale makubwa yanayofanana kama mapacha, yanatoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo. Ni chakula kizuri, lakini hata ukiyapasha joto mwaka mzima hayatatoa kitu. Tafuta mayai kwa mtu ambaye unajua ana jogoo, na jogoo mmoja atosha kwa mitetea 8 hadi 10. Na mfahamu hili, kwa maana tutalirudia chini: jogoo akiuzwa, mitetea wanaendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku 10 hivi, pengine majuma mawili, halafu basi. Yai linabaki vilevile kwa macho, na ndani halina mtoto.

Chagua mayai ya ukubwa wa kati, yasiyo na ufa, yenye ganda laini. Yaliyo machafu sana yale nyumbani, usiyaoshe ili kuyatia katika kuvezi. Juu ya ganda kuna utando mwembamba usioonekana ambao unazuia vijidudu kuingia, na maji yanauondoa. Yakusanye kwa siku 7, zikizidi sana 10, mahali pa baridi ya kawaida, ncha nyembamba ikitazama chini. Frigo ni baridi kupita kiasi kwa kazi hii.

Kwa wanaoleta mayai kutoka bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola au Luvungi, kuna maneno mawili zaidi. La kwanza ni barabara. Yai lililopanda milima ya Ngomo juu ya pikipiki limetikisika mpaka ndani, na ile nafasi ya hewa iliyo upande wa mviringo inaweza kuwa imelegea. Liache lipumzike siku nzima, ncha chini, kabla ya kuliweka. La pili ni urefu wa nchi. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu, bonde liko chini mbali. Huku juu hewa ni nyepesi na yai linapoteza maji haraka zaidi, na kuku wa bondeni anatengeneza ganda kwa ajili ya hewa ya bondeni. Mayai ya kuku waliozaliwa hukuhuku yanatotoa vizuri zaidi. Ndiyo sababu kikundi kiliamua kila mama alete mayai 4 ya kuku wake mwenyewe, hata kama ya bonde yangekuwa rahisi.

Wamama 12, mayai 4 kila mmoja, ndiyo hayo 48. Msidhani ni kitu kidogo. Mayai 4 ni mboga ya jioni kwa nyumba yenye watoto watatu, na katika majirani zetu kuna nyumba ambazo yai linauzwa ili kununua chumvi na sabuni. Kila mama aliandika alama yake kwa penseli, si kwa bik, maana wino unaweza kupenya ganda.

Mashine iwashwe tupu siku nzima kabla ya kupokea mayai, ili mjue joto lake linasimama wapi. Kama kuvezi ina feni, joto liwe 37.5. Kama haina feni, hewa ya juu ni moto kuliko ya chini, basi mpime usawa wa mgongo wa mayai, na hapo iwe 38.5 hivi. Usiamini kioo cha mashine peke yake. Chukua termometa ya kupimia homa ya mtoto, ile iliyo katika kila nyumba, uiweke pamoja na ya kuvezi ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu, uone kama zinasema namba moja. Yetu ilitofautiana kwa karibu digri moja nzima. Digri moja kwetu ni kitu kidogo, kwa mtoto wa kuku ni uhai.

(Wale wanaotucheka kwamba mambo haya ni ya wazungu, wajue kwamba Misri walikuwa wakitotolesha mayai kwa maelfu katika nyumba za udongo zamani sana, bila umeme wala termometa. Mwangalizi alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua kama joto linatosha. Mama anayepima uji wa mtoto kwa mgongo wa mkono ataelewa.)

Unyevu wa hewa nao una kazi yake. Siku 18 za kwanza uwe kati ya 50 na 55 kwa mia, na siku tatu za mwisho upande mpaka 65 au 70. Unaupandisha kwa sahani ya maji ndani ya mashine. Upana wa sahani ndio unaohesabika, kina chake hakisaidii kitu. Ukitaka unyevu zaidi weka sahani pana zaidi, au kitambaa kilichoingia majini.

Kugeuza mayai ndiko kulikotuchosha. Kuku mwenyewe anayageuza kwa mdomo mchana na usiku. Asipofanya hivyo mtoto anashikamana na utando wa ganda na kufa. Mashine yetu haigeuzi yenyewe, kwa hiyo tuliandika X upande mmoja na O upande mwingine, tukageuza mara tano kila siku. Iwe tatu au tano, isiwe mara nne, ili upande unaokaa juu usiku ubadilike kila siku. Mkono uoshwe kwanza kwa sabuni, maana mafuta na uchafu wa jikoni vinaziba vitundu vya ganda.

Mashine ilikaa kwa mama mmoja, mjane, ambaye kwenye avenu yake umeme unapatikana usiku zaidi kuliko kwa wengine. Hakuna aliyemlipa. Alisema tu kwamba yeye halali sana usiku.

Hapo tunafika kwenye delestaji, swali ambalo wote mnatuuliza. Usiku wa siku ya 11 umeme ulikatika saa tatu ukarudi saa kumi alfajiri. Saa saba. Tungekuwa na mayai yaliyokufa yote kama mama huyo angelala. Alifanya hivi: hakufungua kifuniko hata mara moja kutazama. Alifunika mashine kwa blanketi nzito, akiacha vitundu vya hewa wazi, maana mtoto ndani ya yai anapumua. Alikuwa na maji moto katika termosi, akayachanganya mpaka mkono ukaweza kuyavumilia, akajaza chupa mbili za plastiki, akazifunga kila moja kwa kitambaa, akazipitisha haraka pembeni, zisiguse mayai. Baada ya saa mbili akabadilisha. Termometa ilishuka mpaka 33, haikushuka zaidi.

Yai linavumilia baridi kuliko tunavyofikiri. Hata kuku anayelalia huondoka kila siku kwenda kula na kunywa, anarudi baada ya robo saa au zaidi, na hakuna linaloharibika. Kuvezi ikipoa kwa saa chache, watoto wanachelewa kidogo tu. Joto kali ndilo linaloua upesi. Likipita 40 na kukaa hivyo, mmepoteza yote, na hutaona alama yoyote kwa nje. Kwa hiyo msitie maji yanayochemka kwa hofu ya baridi. Na umeme unapokatika, ondoeni waya ukutani. Kule kurudi kwake kwa nguvu ndiko kunakounguza mashine, tafadhali msikungoje.

Jambo moja tunaliandika kwa uzito wote. Msiingize mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa ili kupasha kuvezi au vifaranga, hasa chumba wanamolala watoto. Moshi wa makala usioonekana hauna harufu, unamchukua mtu usingizini asiamke. Hakuna kifaranga anayestahili hilo. Maji moto yachemshwe nje, kisha yaingizwe. Kikundi chenye uwezo kitafute pano ya jua na bateri. Kwa mashine ndogo yenye ukuta wa frigolite inayoshika joto vizuri, bateri moja nzuri inaweza kuvusha usiku, lakini ulizeni fundi kwanza inakula wati ngapi.

Siku ya 7 tulikutana wote kutazama mayai. Chumba kiwe giza. Chukua tochi ya simu, uifunike kwa kartoni yenye kitundu kidogo, uweke upande wa mviringo wa yai juu yake. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu inayotawanyika kama miguu ya buibui. Yai tupu linang'aa lote kama taa. Kuna la tatu, lenye duara la damu bila mishipa: mtoto alianza, akafa. Matupu na yaliyokufa yanaondolewa, kwa sababu yanaoza, na yai bovu likipasuka katika joto linachafua yote.

Tuliona 9 matupu na 4 yenye duara la damu. Yalibaki 35. Na katika yale 9, manne yalikuwa na alama moja: ya yule mjane mwenye nyumba. Jogoo wake alikuwa amemuuza majuma manne nyuma, kununua dawa ya mjukuu. Yote manne yaling'aa.

Hapo maneno yakaanza. Mama mmoja akasema, kwa adabu lakini akasema, kwamba asiyeleta yai lenye mtoto hawezi kungoja kifaranga. Mwingine akajibu kwamba mayai yake yeye manne yana mishipa yote, je, atapewa vinne? Wa tatu akauliza nani atajua kifaranga kimetoka katika yai la nani, wakisha kukauka wote wanakuwa na manyoya yaleyale na alama ya penseli imebaki kwenye ganda. Mjane alikuwa ameshika tochi, hakusema neno. Mama prezidanti akawaacha waongee mpaka wakachoka.

Kilichokata shauri hakikuwa huruma. Mama mhazini alifungua daftari ambamo tulikuwa tukiandika joto kila mara ya kugeuza: siku 7, mara 5, mara 35. Mara 26 kati ya hizo zilikuwa na mwandiko wa mjane. Mhazini akauliza kama kuna anayetaka kununua kazi hiyo kwa yai moja moja, aseme bei. Ikaamuliwa kwamba vifaranga vyote ni vya kikundi mpaka siku ya kugawanya, na vitagawanywa sawa kwa wote 12, na kwamba toka sasa mwenye nyumba inayokaa mashine hatatoa mayai kabisa, kazi yake ndiyo mayai yake. Mama aliyeanza maneno alikubali, ingawa hakupenda, na haki yake ya kutopenda tunaiheshimu. Kikundi chochote kinachofikiria kuvezi kiandike sheria hiyo kabla ya yai la kwanza kuingia. Sisi tuliiandika siku ya 7, na usiku ule ilitugharimu saa mbili.

Siku ya 14 mkitazama tena, yai limejaa giza isipokuwa nafasi ya hewa. Siku ya 18 mnaacha kugeuza, mnaongeza maji, mnafunga kifuniko, na hakuna kufungua mpaka watoke. Hizo siku tatu ni ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna cha kufanya. Siku ya 20 tulisikia sauti ndani ya mayai, ndogo sana, halafu ganda moja likapasuka kitundu cha ukubwa wa punje ya mchele.

Na hapo kila mtoto wa nyumba anataka kusaidia. Mkatazeni. Tangu kitundu cha kwanza mpaka kutoka, kifaranga anaweza kuchukua saa 12, hata 24. Anapumzika, anangoja damu iliyo katika utando iingie mwilini na kiini kilichobaki kiingie tumboni. Ukimbandua mapema anatokwa damu mkononi mwako. Ukifungua kifuniko kuchungulia, unyevu unatoka, utando unakauka na kuwabana wengine kama karatasi. Haraka haina faida pale. Kile kiini alichokimeza kinamtosha siku mbili bila chakula wala maji, basi aliyetoka kwanza anaweza kungoja wenzake ndani, akauke vizuri.

Kwetu walitoka 9 siku ya 21, 13 siku ya 22, na 2 siku ya 23. Ule usiku wa baridi ulionekana hapo, kwa hiyo msitupe mayai siku ya 21 jioni eti muda umekwisha. Mayai 11 hayakutoka. Tuliyafungua nje, mbali na nyumba, tukaona wengi walikufa wakiwa wamekamilika karibu kutoka, kisha tukayazika. Vifaranga 24 katika mayai 48 ni nusu. Kwa mara ya kwanza, juu huku milimani, kwa umeme huu wetu, tunasema ni vizuri.

Sasa wako ndani ya kartoni kubwa kwa mjane, chini yao maranda ya mbao. Gazeti tupu linateleza na kuwapasua miguu. Joto liwe kati ya 32 na 35 juma la kwanza, kisha mnapunguza digri 3 hivi kila juma. Watazameni wenyewe, watawaambia: wakirundikana na kulia ni baridi, wakikimbilia kingo na kufungua midomo ni moto, wakitawanyika na kula ni sawa. Sahani ya maji iwekwe vijiwe, wasizame. Watoto wanaowashika waoshe mikono kwa sabuni baadaye, na wasiwabusu, hata kama wanapendeza namna hii. Kwa chanjo ya Newcastle tumekwisha kuongea na mganga wa mifugo. Ugonjwa huo ukiingia bila chanjo unaweza kumaliza kuku wa avenu nzima ndani ya juma moja, na hakuna dawa ya kuuponya.

Kugawanya kutafanyika wakifika majuma 6, wawili kwa kila mama, kwa kura. Karibu nusu yao watakuwa majogoo, basi asiwepo wa kulalamika akipata wawili wenye kilemba. Mjane ameomba kitu kimoja tu mapema: akipata jogoo, asibadilishiwe.

Mashine imeoshwa kwa sabuni na javeli, imekauka juani siku mbili. Mayai ya mara ya pili yataingia siku ya posho ijayo. Wamama 11 walete mayai yao 4 kabla ya Ijumaa jioni, yasiyooshwa, yasiyozidi siku 7, alama kwa penseli, ncha chini. Na mwenye termosi ya akiba aje nayo.